Chumvi kwenye Maganda ya Nyanya

Chumvi niliitia mimi. Nasema mapema na kwa mdomo wangu mwenyewe, maana hapa Suna, mtaani kwetu Migori, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na katika zote mjinga ni mimi. Sawa, nilikuwa mjinga. Lakini nilitia kwa nia njema, na sikujua kwamba mtoto aliyevimba kwa utapiamlo akipewa chumvi, moyo wake unaweza kushindwa. Ningelijua hilo, wallahi nisingeliigusa ile pakiti.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba, ule mwaka wa mvua za Elinino. Mimi ni Mwanarusi, mzaliwa wa Mambrui, pwani. Mume wangu Noordin ndiye aliyenileta Migori, akafungua duka mjini, na ua wa nyuma akaniachia. Humo ndimo tulimopika sosi ya nyanya, mimi na Kemuma. Kemuma ni Mkisii, mjane, Msabato wa kweli kweli, na maneno yake machache. Mimi nilijua viungo, yeye alijua nyanya. Hoteli za samaki na chipsi kutoka Migori hadi Homa Bay zilikuwa zikila sosi yetu, na asiyeamini akaulize.

Tabu yetu ilikuwa maganda. Ukichemsha nyanya ukazichuja, sosi inapita, maganda na mbegu yanabaki kwenye chujio, debe kwa debe. Tulikuwa tukiyatupa kwenye shimo nyuma ya ua, jua linayakausha, basi. Mvua zilipoanza shimo likajaa maji, maganda yakaelea, yakachacha, na nzi wakaja kama waliopewa kadi za harusi. Majirani wakalalamika. Niliwajibu, na majibu yangu hayakuwa ya kuandikwa. Mwisho akaja bwana afya wa mji, Bwana Magige, Mkuria mrefu mwenye sauti ya upole. Alisimama pale na leso puani.

"Mama, nikirudi Jumanne ijayo nipate hii takataka bado iko hapa, nafunga."

"Ufunge nini?"

"Jiko. Sosi. Yote."

Nilimwambia maneno mengi, naye akayasikiliza yote, akaandika tarehe kwenye kitabu chake, akaenda zake. Jiko likifungwa mimi nina duka la mume. Kemuma angerudi Nyamira kwa shemeji zake, wale wale waliomtoa nyumbani mtoto yuko mgongoni. Nilimwona akikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Kesho yake akapita Sista Akeyo. Huyu ni muuguzi wa Homa Bay, alikuwa na kituo kidogo cha watoto wenye utapiamlo, wengi wao wa visiwani, na kila akija Migori alinunua sosi yetu chupa mbili. Alimkuta Kemuma akibeba karai la maganda kwenda shimoni.

"Wololo! Mnamwaga hii?"

"Tufanye nini nayo?" nikamuuliza. "Tuivae?"

Akacheka. Akatueleza kwamba amesoma kwenye jarida la madaktari kuwa ule wekundu wa nyanya umejazana kwenye ganda kuliko kwenye nyama yake, na kwamba Wazungu siku hizi wanautafuta kwa afya ya mwili, ilhali sisi tunalishia nzi. Yeye hakutuahidi miujiza. Alichotaka ni kujaribu. Watoto wake walikuwa wamechoka na uji mweupe, wanageuza uso ukutani kijiko kikifika. Akafikiri unga wa maganda, kijiko kimoja pamoja na tone la mafuta, ungeupa uji rangi na uchachu kidogo, huenda hamu ikafunguka, na mwili ukapata na hicho kilicho kwenye ganda. Tukimpelekea gorogoro moja la unga mzuri, ule mkebe wa kilo mbili, Jumatatu, na watoto wakaupenda, atachukua maganda yetu yote kila wiki.

Hapo mteja akapiga kelele dukani. Nikaenda. Niliporudi Sista alikuwa ameshamweleza Kemuma namna ya kufanya na ameondoka.

"Amesemaje?"

"Amesema iwe safi na ikauke kabisa."

"Basi?"

"Na ingine, Mama Suhail, amesema hawa watoto—"

"Safi na kavu, nimesikia, si kiziwi mie. Haya, tuchemshe maji."

Ndivyo nilivyo. Mama yangu alikuwa akisema Mwanarusi husikia nusu ya neno akakimbia nayo sokoni.

Nilimwendea Bwana Magige nikamwambia maganda yanakwenda kwa wagonjwa. Akafikiri. "Ikienda hospitali si takataka tena," akasema. "Lakini Jumanne nakuja kuona."

Basi tukaanza. Nyanya zikaoshwa kwa maji yaliyochemka, maganda yakatengwa, mbegu zikaenda kwa kuku. Kemuma alinunua chandarua kipya akakitandaza juu ya vijiti, kimo cha kiuno, kama wanavyoanika omena, dagaa wa ziwani, kule Muhuru Bay, ila wao huanika chini na yeye alitaka hewa ipite kila upande. Jumatano jua likatoka kidogo. Alhamisi likatoka, likajificha, likatoka. Tukashinda kutoa na kuingiza, kutoa na kuingiza, hadi mabega yakaniuma. Nikamwambia Kemuma kwetu watu huanika kitu mara moja tu, wakakaa wakanywa kahawa. Akasema kwao pia, lakini si mwaka huu.

Ikaja Ijumaa. Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Ijumaa kwangu ni pilau. Noordin hutoka msikitini na wageni, wengine siwajui hata majina, na wote wana njaa. Kwa Kemuma, Ijumaa ni siku ya maandalio. Sabato yao inaingia jua likitua, na likishatua hawashiki kazi mpaka jua la kesho litue tena. Kwa hiyo Ijumaa yeye hupika cha kesho, hufua, hupiga pasi, humaliza kila kilichoanzwa, asiache kiporo. Siku hiyo sote wawili huwa tunakimbia, na kila mmoja yuko kwenye njia ya mwenzake.

Alasiri, wageni wamechelewa, nyama iko motoni, Kemuma akasimama mlangoni mwa jikoni na kifurushi kwapani, kimefungwa kwa leso.

"Mama Suhail, kuna kitu nataka nikuambie. Ni mambo ya maganda."

"Kemuma, pilau inashika chini!"

"Ni kidogo tu."

"Nenda, mwenzangu, nenda! Jua linatua na Mungu wako hangoji. Utaniambia Jumapili."

Akasimama kidogo. Ningalimtazama usoni ningaliona lile neno limekaa mdomoni mwake. Lakini nilikuwa natazama sufuria.

"Sawa," akasema. "Lakini hiyo imebaki kwa wavu, wewe geuza tu. Geuza tu, Mama Suhail."

Akaenda.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Si mvua ya kupita, mvua ya kukaa. Noordin alikuwa Rongo kutafuta chupa. Niliingiza chandarua peke yangu, nikatandaza maganda sebuleni juu ya mikeka, nikayageuza, nikayageuza tena. Kufika adhuhuri nikainama nikanusa. Lahaula! Harufu ya uvundo ilikuwa inaanza, ile inayokuja kabla ya ukungu. Nikashika ganda likanikwama kidoleni.

Nikaona Jumatatu inakuja na hatuna unga. Nikaona Jumanne, Bwana Magige na kitabu chake. Nikamwona Kemuma anapanda gari na mizigo yake na watoto wake kurudi kwa wale shemeji. Kumwita sikuweza. Alikuwa kanisani mchana kutwa, na hata angekuwa nyumbani ni Sabato, asingeshika ganda. Nikasema, Mwanarusi, wewe ni mtoto wa nani? Mama yako alikuwa akifanyaje?

Mama yangu alikuwa stadi wa achari. Maembe mabichi huyakata, huyapaka chumvi, ndipo huyaanika. Chumvi huvuta maji, na kilichotiwa chumvi hakioti ukungu hata mvua ifanye nini. Samaki ng'onda ndivyo, ndimu ndivyo. Mtoto wa pwani akiona kitu kinataka kuoza, mkono unakwenda kwenye chumvi wenyewe. Nikatwaa pakiti nzima dukani, nikaimimina juu ya maganda, nikayasugua kwa viganja mpaka kila ganda likapata.

Na yalikauka, msinicheke. Jumapili jua lilitoka likawaka mpaka alasiri, maganda yakawa makavu yanavunjika kwa vidole, mekundu mazuri. Nikayatia guniani, nikaliweka mlangoni pa jiko. Nilijiona mimi ndiye mimi. Nikaamua nisiseme kitu. Nitangoja Sista asifu unga mbele za watu, ndipo nitaeleza nani aliyeuokoa. Nikalala usingizi wa mchana kwa raha. Nilipoamka gunia halikuwepo. Suhail, mwanangu, akasema mama Kemuma amepita amelichukua, nikajua amekwenda kutwanga.

Jumatatu asubuhi Kemuma alikuja na mkebe mkubwa wa mafuta ya Kimbo, umejaa unga, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Noordin akatupakia kwenye pikapu yake pamoja na makreti ya sosi. Njia nzima ilikuwa matope. Kemuma alikaa kati yetu, mkebe mapajani, kimya. Na mimi kimya. Noordin aliuliza kama tumegombana. Tukasema hapana, sote kwa pamoja.

Homa Bay tulishuka kituoni, mimi na mkebe. Noordin na Kemuma wakaendelea kupeleka sosi kwenye hoteli za karibu na gati. Sista Akeyo alinipokea kwa mikono miwili. Akaupeleka mkebe jikoni kwake, akafunga mlango, na baada ya muda akatoka na uji wa rangi ya jua la asubuhi.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa Rusinga, Aluoch, umri wa miaka mitatu, ameletwa na bibi yake. Miguu yake ilikuwa imevimba ikang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele nyekundu, nyepesi. Bibi yake alisema ni siku nne hajameza ila maji na maziwa kidogo ya kulazimishwa. Sista akamwonyesha kijiko. Aluoch akakitazama, kile chekundu, akakitazama tena. Akafungua mdomo.

Nilihesabu vijiko bila kujua kwamba nahesabu. Kikombe kikaisha. Bibi yake akapiga kigelegele, wamama wengine wakadakia, na mimi mwanamke wa Mambrui nikajikuta nalia. Nikasema sasa. Sasa ndio wakati wa kusema nani aliyeokoa maganda. Nikafungua mdomo.

Sista akanitangulia. "Unaona mama, tena bila kitu chochote ndani! Hawa waliovimba siwawekei chumvi hata chembe. Mwili yao haiwezi kuitoa. Moyo unajaa maji, mtoto anakwenda hivi hivi ukimwangalia. Ndio maana nilimsisitizia Kemuma siku ile: chumvi, hapana."

Jamani. Nimeshiba kuogopa katika maisha yangu, nimeogopa moto, nimeogopa uzazi, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nilimtazama Aluoch, ana ukoko wa uji kwenye kidevu, anajilamba. Kikombe kitupu. Maji yameshamwagika, hayazoleki. Na sauti moja ndani yangu, tena sauti yangu mwenyewe, ikaniambia: nyamaza, Mwanarusi. Hakuna aliyekuona. Labda ni kidogo tu. Nyamaza.

Nimesema maneno mengi maishani ambayo yangefaa kunyamaziwa. Hili moja lilikuwa zito kuliko yote, na ilikuwa lazima litoke.

"Sista, usimpe mwingine. Usimpe mtu yeyote. Fanya unachojua kufanya, fanya upesi. Nimetia chumvi."

"Umesema?"

"Nimeyatia maganda chumvi! Mimi! Pakiti nzima! Kemuma hajui, msimlaumu, ni mimi peke yangu!"

Vigelegele vikakatika. Bibi ya Aluoch, ambaye Kiswahili kilimpita, alimvuta mama aliyeketi jirani yake amweleze, na yule mama akakataa kumweleza. Sista hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akatoka na mkebe na kijiko. Akachota juu, akaonja. Akachimba hadi katikati, akaonja. Akachimba chini kabisa, akaonja, akafumba macho.

"Mama," akasema, "hapa hakuna chumvi."

"Ipo!"

"Hakuna. Mimi naonja kila kitu kabla mtoto hajala. Hii nimeonja mara tatu huko ndani, na sasa mara tatu tena."

"Nakwambia ipo! Nimeitia kwa mikono yangu hii, utanifundisha wewe?"

Ndiyo, niligombana na muuguzi nikimlazimisha akubali kwamba nimemwua mgonjwa wake. Akanipa kijiko. Nikaonja. Uchachu. Utamu kwa mbali. Ule uchungu kidogo wa ganda. Nikaonja tena, nikatafuta chumvi pembe zote za ulimi. Haikuwepo. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mtandio umeanguka, nacheka na kulia pamoja, na kila nikivuta pumzi nasema alhamdulillahi. Yule mama wa jirani sasa ndipo akamweleza bibi ya Aluoch habari nzima. Bibi akainuka, akaja akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, kana kwamba mimi ndiye mtoto niliyeletwa hapo.

Hivyo ndivyo Kemuma alivyonikuta. Aliingia na Noordin nyuma yake, akanitazama pale chini, akamtazama Sista, akautazama mkebe mikononi mwake, akaelewa.

"Mama Suhail. Ulifikiri hii ni yako?"

"Si yangu? Ni ya nani?"

"Ya Jumatano na Alhamisi. Ilikuwa imekauka Ijumaa mchana. Mimi sitaki kuacha kazi katikati Sabato ikiingia, nikaichagua yote iliyokauka, nikaifunga kwa leso, nikaenda nayo kwangu. Kwa wavu niliacha ile mbichi, ya siku hiyo."

Kile kifurushi kwapani.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanitazama tu. Hakusema "ulinifukuza." Hakusema "pilau." Alinitazama, na Noordin akakohoa, akageukia dirishani.

"Na gunia langu?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Jumapili nilionja. Nikasema huyu mama ameweka chumvi, na hii haiwezi enda kwa watoto. Nikaitenga mbali kabisa. Nilitaka kukuambia leo kwa gari, lakini bwana yako alikuwa hapo. Ningekuaibishaje mbele ya bwana yako?"

Basi nikashikwa na aibu mara ya pili, na hii ya pili ilikuwa tamu. Nilimshika mkono nikakaa nao hivyo hivyo sakafuni kwa muda mrefu, na hakuuvuta. Noordin akasema pole pole, kana kwamba hapana kitu, kuwa lile gunia Kemuma amelitwanga pia, akalipakia kati ya makreti ya sosi, na kwamba mpishi mmoja kule gatini ameunyunyiza unga wake juu ya samaki mbuta wa kukaanga, na wateja wameomba tena.

Tulikaa pale mpaka saa tisa. Sista hakuniruhusu niende kabla sijamwona Aluoch akinywa kikombe cha pili, nadhani alijua nisingelala. Alikinywa nusu, akalala na kijiko mkononi. Alipumua vizuri. Niliinama nikasikiliza mara tano, kisha Kemuma akaniondoa kwa bega.

"Erokamano, nyar Migori," bibi yake akaniambia mlangoni. Ahsante, binti wa Migori. Miaka kumi na mitatu niko huku, na hakuna aliyewahi kuniita binti wa hapa.

Jumanne Bwana Magige alikuja na kitabu chake. Shimo lilikuwa limefukiwa, na chandarua kimetandazwa juu ya vijiti. Alizunguka ua mara mbili akitafuta nzi, akafunga kitabu, akaomba chupa moja ya sosi. Kemuma alimfungia, akarudi jikoni, akakoroga sufuria, na safari hii ilikuwa na kitu ndani.

Ijumaa iliyofuata, alasiri, wageni wa Noordin wamekwisha kaa mkekani, nyama iko motoni, Kemuma akasimama mlangoni.

"Mama Suhail, kuna kitu nataka nikuambie."

Nikaweka mwiko chini. Nikamgeukia. "Sema, mwenzangu. Lote."

Akasema lote, polepole, kama asemavyo yeye. Nyuma yangu pilau ikashika chini, ikaungua, harufu ikajaa nyumba nzima, na wageni walikula mkate na chai.